Mita Tisa za Ukuta wa Mwalimu

Ukuta ulianguka Jumanne alasiri, mvua ikiwa bado inanyesha. Mimi nilikuwa Kirumba, hapa Mwanza, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, nikisubiri mvua ipungue nipakie mifuko ya saruji kwenye pikapu. Simu ikaita. Alikuwa mwalimu aliyenifundisha hisabati sekondari, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemjengea ukuta nyuma ya nyumba yake, kule juu Igogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. "Ukuta wako umelala," alisema.

Nilimuuliza kama kuna aliyeumia.

"Hapana. Mke wangu alikuwa anapika kwenye jiko la nje. Aliingia ndani kufuata chumvi. Anageuka, jiko halipo."

Niliacha saruji pale pale nikaondoka. Barabara ya kwenda Igogo ilikuwa imejaa maji mekundu yanayoteremka kutoka vilimani, na kila gari lililokuwa mbele yangu lilikwenda taratibu, wakati mimi nilitamani kushuka na kukimbia. Niliegesha chini nikapanda kwa miguu, maana gari halifiki kule. Nyumba za upande ule zimepachikwa katikati ya mawe makubwa, na njia inapita unapopata nafasi ya kupitisha bega. Nilifika nimelowa chapachapa. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya mwavuli, suruali ameikunja hadi magotini, anatazama tu. Kushoto kwake mita kumi na tatu za ukuta zilikuwa zimesimama kama nilivyoziacha. Kulia kwake mita tisa zilikuwa zimelala juu ya jiko na juu ya tangi la maji, na udongo umemwagika hadi karibu na mlango.

Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye zile mita tisa, na kabla hata sijasema pole, nilijua kilichotokea. Nilijua kitu ambacho sikukisema siku ile, wala mwezi uliofuata, wala mwezi mwingine baada ya huo.

Ukuta wa kuzuia udongo hausukumwi na udongo peke yake. Maji ndiyo yanayousukuma. Mvua inanyesha, udongo wa nyuma unanywa, unavimba, unakuwa mzito, na kama maji hayana pa kutokea, ukuta unaanza kutunisha tumbo mpaka siku unalala. Ndiyo maana tunapachika vipande vya bomba katikati ya mawe, kila baada ya hatua moja au mbili, na nyuma yake tunajaza kokoto, ili maji yapite. Hilo analijua hata fundi wa mwezi mmoja. Lakini kwenye zile mita tisa mabomba hayakuwepo. Wiki ile tulipokuwa tunamalizia, mimi nilikuwa Magu kwenye msiba wa mjomba wangu. Fundi mkuu wangu alinipigia nikiwa katikati ya akina mama, tukisonga ugali wa wafiwa.

"Bosi, mabomba yameisha. Na pikapu unayo wewe."

"Kokoto zipo?"

"Zipo."

"Endeleeni basi, msisimame. Tutatoboa baadaye."

Nilikata simu nikarudi kwenye sufuria. Baadaye nilirudi Mwanza nikakuta ukuta umekwisha, umenyooka, unapendeza, na kazi nyingine inanisubiri Mkuyuni. Hatukutoboa. Kusema kweli sikusahau. Nililiahirisha jambo lile mara tatu au nne, halafu nikaacha kuliwaza.

Wiki mbili baada ya ukuta kuanguka nilipokea barua. Mwalimu aliichapa, akaipanga kwa aya zenye namba, akataja kipengele cha kumi na nne cha mkataba wetu. Kipengele hicho alikiweka yeye mwenyewe. Siku tulipotiliana saini nilikuwa nimempelekea mkataba wa kurasa mbili, ule ninaowapa wateja wote, naye akausoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kama anasahihisha mtihani. Alinirekebishia hata nukta. Mwishoni akaongeza kwa mwandiko wake: mgogoro wowote hautapelekwa mahakamani bali kwa msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote mbili, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho.

"Mahakamani tutazeeka, mwanangu," aliniambia siku ile. "Na mimi nimeshazeeka tayari."

Nilicheka nikaweka saini. Nani anasaini mkataba wa kumjengea mwalimu wake akiwaza mgogoro?

Mume wangu aliposoma barua ile alipumua. Yeye ni muuguzi, mtu wa kutuliza mambo. "Usuluhishi, afadhali," alisema. "Mtakaa, mtasemezana, mtapeana mikono."

Nami nilidhani hivyo. Nilikwenda kwa mwanasheria mmoja mwenye ofisi ghorofani, mjini kati, nikiwa na matumaini hayo. Alinisikiliza huku akipanga karatasi zake, kisha akanivunja moyo kwa upole.

"Unachanganya na upatanishi," alisema. "Mpatanishi anawasaidia mkubaliane. Msikubaliana, kila mtu anaondoka na msimamo wake. Msuluhishi yeye anasikiliza ushahidi na anaamua. Akishaamua, uamuzi wake unaitwa tuzo, na tuzo hiyo inaweza kusajiliwa mahakamani ikatekelezwa kama hukumu. Kukata rufaa kwa sababu tu hukuipenda, sahau."

"Sasa tofauti yake na mahakama ni nini?"

"Mnamchagua wenyewe. Mnaweza kuchagua mtu anayejua kuta. Na mlango unafungwa, hakuna watu wa kuja kusikiliza."

Niliposhuka ngazi kitu kilichobaki kichwani ni hicho cha mtu anayejua kuta. Hakimu ningeweza kumzungusha kwa maneno ya ufundi. Mtu anayejua kuta angeangalia mara moja tu.

Kumpata msuluhishi kulituchukua zaidi ya mwezi. Mwalimu alikataa majina mawili niliyompelekea kwa sababu yalikuwa ya wakandarasi ninaokutana nao kazini. Mimi nilikataa moja la kwake kwa sababu mtu huyo wanasali naye kanisa moja, usharika wa watu wa Kagera, na watoto wao wameoana. Hatimaye sote tuliafiki mhandisi mmoja mstaafu, mzaliwa wa Ukerewe, aliyetumia maisha yake kujenga barabara na mitaro. Sote tulimfahamu kwa sifa tu.

Mhandisi alitupa siku za kuandika madai na majibu. Mwalimu aliandika kurasa nne. Mimi niliandika saba, na karibu zote zilihusu migomba. Maana baada ya kumkabidhi ukuta, Mwalimu alipanda migomba juu yake, kwenye ule udongo tuliojaza, safu mbili nzima. Mtu wa Kagera ukimpa kipande cha ardhi atapanda mgomba, hata kama ni juu ya mawe ya Mwanza. Niliandika juu ya uzito wa migomba, mizizi, unyevu, nikachora na mchoro. Kuhusu mabomba niliandika sentensi moja: ukuta ulijengwa kwa kufuata taratibu za kawaida za kazi. Sentensi ile niliifuta na kuiandika upya mara nyingi kuliko kurasa zote saba.

Tangu nilipoipeleka sikuweza kutulia. Nilikuwa nikikaa kula, nainuka kabla sahani haijaisha. Nilikwenda kwenye kazi zangu zote za zamani nikahesabu mabomba: ukuta wa Mkuyuni, wa Nyegezi, hata mtaro wa kanisa niliojenga bure. Yote yalikuwepo. Badala ya kunifariji, jambo hilo liliniumiza zaidi. Mafundi wakawa wananikwepa kwa sababu nilifokea kila kitu, mchanga, kamba, mtu kukaa kunywa maji. Asubuhi nilitembea kwa miguu ufukweni, kupita kina mama wanaoanika dagaa, nikirudi nyumbani nimechoka na bado miguu inataka kwenda.

Kikao cha kwanza kilifanyika Kirumba, kwenye ukumbi mdogo wa hosteli. Palikuwa na meza moja ndefu, chupa ya chai, na pazia la kijani lisilofika chini. Mhandisi alikuwa mtu mfupi, mzee, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Mwalimu alimwita Mheshimiwa, naye Mhandisi akamkatisha palepale.

"Hapa si mahakamani. Niiteni Mhandisi, inatosha. Lakini mtaapa, na mtakachosema nitakiandika."

Tukaapa. Siku hiyo kwenye uwanja wa mpira wa jirani palikuwa na mechi, na kila baada ya muda kelele za mashabiki zilipenya dirishani. Mhandisi alinyamaza kila mara mpaka zitulie, kisha akarudia swali lake neno kwa neno. Mimi nilikuwa nikizungusha kalamu chini ya meza mpaka ikaniangukia.

Mwalimu alieleza kilichotokea. Hakunitazama. Miaka yote aliniita mwanangu, tangu nikiwa kidato cha tatu, msichana pekee aliyebaki baada ya masomo kurudia maswali ubaoni. Siku ile aliniita mkandarasi. "Mkandarasi alinikabidhi ukuta mwezi wa saba. Mkandarasi alinihakikishia." Kila alipolitamka nilihisi kama anamzungumzia mtu mwingine aliyekaa nyuma yangu.

Zamu yangu ya kumuuliza ilipofika nilisimama, ingawa Mhandisi alikuwa amesema tunaweza kukaa.

"Mwalimu, ile migomba uliipanda lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Baada ya mimi kukabidhi kazi."

"Ndiyo."

"Kiangazi uliimwagilia?"

"Niliimwagilia."

"Kwa maji gani? Maana kule juu maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki."

Nilikuwa nimebahatisha tu; nilitaka kuonesha kwamba alimwagilia ndoo nyingi. Mwalimu alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Maji ya bafuni," alisema. "Niliunganisha bomba la bafuni nikalielekeza kwenye migomba. Yalikuwa yanakwenda huko kila siku, kiangazi na masika. Kwenye maelezo yangu sikuliandika hilo. Niliona haya. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nilipaswa kukadiria. Mhandisi, naomba uliandike sasa."

Mhandisi aliandika. Uwanjani walishangilia bao, naye akasubiri, kalamu hewani. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona jinsi nywele zake zilivyopungua kisogoni. Mke wake, aliyekuja kama shahidi na kukaa pembeni na kitenge mapajani, alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anasubiri niseme kitu.

Nilikuwa nimeshinda. Kesi yangu yote ilikuwa imesimama juu ya maji kutoka kwake, na amenipa mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kulazimishwa. Nilisema sina swali lingine nikakaa.

Mhandisi akasema kikao kitaendelea baada ya siku mbili, palepale kwenye ukuta. "Nataka ndoo, na maji ya kutosha," alimwambia Mwalimu. "Nitamwaga nyuma ya sehemu iliyosimama na nyuma ya mabaki ya ile iliyoanguka. Nataka kuona maji yanatokea wapi." Kisha akanigeukia. "Na fundi aliyejenga sehemu ya mwisho naye aje."

Kesho yake nilimfuata fundi mkuu wangu Mkuyuni, kwenye nyumba tuliyokuwa tunaipiga plasta. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Nilimwita pembeni, nyuma ya rundo la mchanga.

"Kesho unatakiwa Igogo. Msuluhishi atakuuliza."

"Nimesikia."

"Utasema nini?"

Alifuta mwiko wake kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili. "Nitasema unachotaka niseme, bosi. Ukitaka niseme mabomba yalikuwepo yakazibwa na udongo, nitasema. Ukitaka niseme mimi ndiye niliyesahau, wewe hukuwepo, nitasema hivyo pia."

"Na wewe unataka kusema nini?"

"Mimi nina familia. Ninataka kubaki kazini."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyoniambia mchanga umebaki kidogo. Nikarudi kwenye pikapu nikawasha injini, nikaizima, nikashuka tena. Sikuwa na pa kwenda. Nilizunguka lile jengo mara mbili, mafundi wakinitazama kutoka juu ya jukwaa. Kilichonitisha ni kwamba uongo ulikuwa rahisi sana kupatikana. Ulikuwa tayari, na mtu wa kuubeba alikuwa tayari, na huyo mtu ni yule aliyenipigia simu kuniuliza afanye nini, nikamjibu.

Nilimrudia. "Useme kilichotokea," nilimwambia. "Simu na yote."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini sema hivyo."

Siku ya kwenda Igogo nilifika kabla ya kila mtu. Sikuthubutu kubisha hodi. Nilibaki kwenye jiwe moja juu ya nyumba, natazama paa za mabati zikishuka mpaka ziwani, kivuko kimoja kikienda taratibu, na magugu maji yaliyoletwa na upepo yamezunguka ufukwe. Dakika hazikusogea. Nilikaa, nikasimama, nikabadilisha jiwe. Mke wa Mwalimu ndiye aliyeniona.

"Shuka unywe chai," alisema kutoka uani. Alikuwa amewasha jiko la mkaa chini ya dirisha, kwa kuwa jiko lake bado lilikuwa chini ya mawe yangu.

"Shikamoo, Mama. Nitakunywa baadaye."

"Marahaba. Haya, baadaye."

Mhandisi alipanda polepole, akipumzika kila kona. Alipita kwenye sehemu iliyosimama akihesabu mabomba kwa kidole. Alipita kwenye ile iliyoanguka, akachuchumaa, akageuza jiwe moja, kisha la pili. Fundi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mwalimu alikuwa amepanga ndoo nane kwa mstari ulionyooka, zote zimejaa maji hadi ukingoni.

"Tuanze?" Mhandisi aliuliza. Akatazama huku na huku. "Kabla hatujamwaga, kuna mwenye la kusema?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilikuwa nimepanga nianze na msiba, na umbali wa Magu, na wingi wa kazi wakati ule. Yote hayo hayakutoka.

"Kwenye mita tisa hakuna bomba hata moja," nilisema. "Fundi alinipigia akaniambia yameisha. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee, tutatoboa baadaye. Hatukutoboa. Nilijua tangu siku ulipoanguka. Kwenye majibu yangu niliandika kwamba tulifuata taratibu, na haikuwa kweli."

Mhandisi alifungua daftari lake juu ya goti, akaandika, akanitaka nirudie sehemu ya simu, akaandika tena. Kisha akamgeukia fundi.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo, mzee."

"Vizuri. Tumwage hata hivyo. Nataka kuona."

Tukamwaga, mimi na Mwalimu, kila mmoja na ndoo yake, hatutazamani. Nyuma ya sehemu iliyosimama maji yalizama, yakakaa kidogo, kisha yakaanza kutoka kwenye bomba moja, la pili, la tatu, membamba na mekundu. Nyuma ya mabaki ya ile sehemu nyingine yalizama yakakaa. Tulisubiri. Mhandisi alitazama saa. Baada ya muda mrefu udongo uliokuwa juu ya mabaki ulianza kung'aa kwa unyevu, na jiwe moja dogo likateleza likaanguka miguuni kwangu. Maji hayakutoka popote.

Mhandisi akapanda hadi kwenye migomba, akachimba kidogo kwa fimbo yake, akafuata lile bomba la bafuni mpaka lilipoishia. Aliporudi alikuwa na matope mikononi. "Nimeona," alisema, akaomba maji ya kunawa.

Mwalimu hakunisemesha siku ile. Alipokuwa anakusanya ndoo nilijaribu kumsaidia, akazivuta kwake bila ukali, moja baada ya nyingine. Chai ya mke wake sikuinywa. Nilitelemka na fundi wangu, na tulipofika kwenye pikapu akaniuliza kama kesho aje kazini. Nikamwambia kwa nini asije.

Mhandisi alisema tuzo itakuwa tayari ndani ya mwezi. Nilikuwa nikidhani nikishasema nitapumzika. Watu husema hivyo, kwamba ukishalitoa jambo moyoni unakuwa mwepesi. Mimi nilikuwa vilevile, sababu tu ndiyo iliyobadilika. Zamani niliogopa kujulikana. Sasa nilijulikana, na sikujua mtu anayejulikana hivyo anaendeleaje na kazi zake. Nikiwa sokoni Mkuyuni nikikutana na mzazi wa mtu niliyesoma naye, nilijiuliza kama ameambiwa. Mlango ulifungwa, ndiyo, hakuna gazeti wala watu wa kusikiliza. Lakini sisi wenyewe tuliokuwa ndani tulikuwa tunaishi mji mmoja.

Tulirudi kwenye ukumbi ule wa pazia la kijani. Mhandisi alituomba radhi kwamba ameandika kwa urefu, kisha akasoma yote, taratibu, bila kuinua sauti. Alisema ukuta ulikosa njia ya maji kwa uamuzi wa mkandarasi, na hilo ndilo kosa la msingi. Alisema maji ya bafuni yaliyoelekezwa nyuma ya ukuta kila siku yaliharakisha kuanguka, na hilo ni kosa la mwenye nyumba. Nijenge upya mita tisa kwa gharama yangu, na jiko. Tangi alinunue Mwalimu. Migomba iondolewe yote iliyo karibu na ukuta, na bomba la bafuni lielekezwe kwenye mtaro. Gharama za usuluhishi tugawane nusu kwa nusu. Mwishoni aliandika kwamba pande zote mbili zilitamka kweli zilizoziumiza, na kwamba jambo hilo halikupunguza wajibu wa yeyote, ila lilifupisha kazi yake.

Nusu kwa nusu. Nilimwona Mwalimu akiguna. Nilidhani atapinga, halafu nikaona anatafuta kalamu ya kusaini kwamba amepokea.

Nilianza kujenga wiki iliyofuata, kabla ya vuli. Sikumwachia mtu. Kila bomba nililipachika kwa mkono wangu, na kila jioni nilitia maji kwenye ndoo nikamwaga nyuma nione yanatoka. Mafundi walidhani nimechanganyikiwa. Mwalimu aliikata migomba yake mwenyewe kwa panga, mmoja kila siku, wala hakutaka msaada. Mikungu miwili iliyokuwa imekomaa mke wake aliipika kwa nyama, akatuletea sote pale pale kwenye mawe, na ndiyo siku ya kwanza nilipokula nikamaliza sahani nikiwa nimekaa. Mwalimu alikula ndani.

Siku ya kukabidhi alitoka na ile kalamu nyekundu. Alipima urefu kwa futi kamba, akahesabu mabomba, akaniuliza umbali kati ya moja na jingine, nikamjibu. Alisoma karatasi ya makabidhiano mara mbili. Halafu, kabla hajaweka saini, akaniuliza, safari hii akinitazama.

"Siku ile Kirumba. Kama nisingeyataja yale maji ya bafuni, ungesema?"

Fundi wangu alikuwa anaosha vifaa hatua chache kutoka pale. Niliona ameacha kuosha. Ningeweza kusema ndiyo. Ndilo jibu alilostahili mzee yule, baada ya yote.

"Sijui, Mwalimu," nilisema. "Nimejiuliza sana. Sijui."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekubali jibu lisilo kamili, akaweka saini, akanirudishia karatasi yangu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Nilikuwa na wateja wawili wa kuona kabla mvua haijafika, mmoja Kirumba na mwingine Nyegezi, nikaanza kuteremka haraka katikati ya mawe, karatasi nimeificha ndani ya blauzi isilowe.